Figo la Mazengo na Jina la Mama

Mimi si mtu wa kusifu mawifi. Nilipoolewa kwenye ukoo wa Ndahani, mawifi niliowakuta pale, mabinti wa baba wadogo, walinionyesha kilichomtoa kanga manyoya, nikaapa hakuna hata mmoja atakayelisikia jina lake likitoka vizuri kinywani mwangu. Kwa hiyo nikikaa hapa leo nikamsifu Penina, mjue sijahongwa. Namsifu kwa sababu anastahili, na asiyetaka kusikia aondoke akachote maji.

Penina ni mdogo wa mume wangu, Mazengo. Mama Ruthu, mama mkwe wangu, alijaliwa hao wawili tu, kisha mumewe akafariki, na mambo ya nyumba yakawa yanaamuliwa na mdogo wa marehemu, baba mdogo Sila. Kijiji chetu kiko nyuma ya Chamwino, ukishapita mashamba ya uwele. Penina alipomaliza darasa la saba, Sila alikuwa ameshapokea watu wa posa na ng'ombe wameshatajwa. Penina akasema haolewi, anakwenda kusomea ualimu. Akachapwa. Akasema vile vile. Akachapwa tena, akasema vile vile, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, mpaka mama Ruthu akasimama akasema kiboko hicho kinatosha, mtoto aende. Akaenda.

Chuo akamaliza, akapangiwa shule moja ya msingi Dodoma mjini, darasa la kwanza. Walimu wenzake walikuwa wanalikimbia darasa la kwanza, watoto wanalia, watoto wanajikojolea, na yeye hakutaka kutoka. Leo ukitembea na Penina mjini utachoka kusimama. Dereva wa basi la Kondoa anashuka kumwamkia, karani wa Bunge anavuka barabara kumpa shikamoo. Wote hao aliwashika mkono kuwafundisha kuandika a. Na mwandiko wake ubaoni, jamani! Wakaguzi wa elimu walikuwa wanaingia darasani kwake kuutazama tu, wanatikisa vichwa, wanatoka. Nina watoto wanne, wote wamepita kwake, na wote wana mwandiko mzuri kuliko wa mchungaji wetu.

Mwaka wa tisini na tatu uso wake ukaanza kuamka umevimba. Tukasema amenenepa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa mafuta ya kupikia na sabuni za kunukia, kila mtu wa mjini alikuwa ananenepa. Kisha miguu nayo ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Kisha siku moja akaanguka mbele ya watoto, chaki mkononi. Hospitali ya Dodoma ikampeleka Dar es Salaam, na Dar wakasema figo zote mbili zimekwisha. Serikali itampeleka India, maana ni mtumishi wake, lakini lazima apatikane ndugu wa kutoa figo moja.

Basi kikao cha ukoo kikakaa. Sila akasema kiungo cha mtu hakigawiwi kama nyama ya mbuzi. Mimi nikasimama, mkwe mdogo mbele ya wakwe, nikasema wazi: huyu Mazengo ni mume wangu, ana watoto wanne, akifia huko ng'ambo nani atanilimia? Wakanikodolea macho. Nami nikawakodolea ya kwangu.

Mazengo akaniuliza taratibu, "Mama Denis, mtu akiwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na mdogo wake hana hata mmoja, anafanyaje?"

"Figo si ng'ombe," nikamwambia.

Akacheka, akaenda kupimwa. Nilinuna. Nilinuna mpaka ndege ikaruka, na nilinuna mpaka iliporudi.

Waliporudi nikamkagua mume wangu juu mpaka chini. Alikuwa mzima, tena amejaa mashavu kwa wali wa Wahindi, na ubavuni ana kovu refu. Mtu mwingine angelificha. Mazengo? Thubutu! Alikuwa haombwi. Mnadani shati juu, kilabuni shati juu, mpaka mchungaji akamwomba basi angalau asilionyeshe ndani ya kanisa. "Dada yangu anakojoa kwa figo langu," alikuwa anawaambia watu asiowajua. Na mimi, kununa kote kule, nilianza kutembea nikiwa nimeinua kidevu. Mume wa nani mwingine alikuwa amefanya hivyo? Hakuna.

Penina naye alirudi ana rangi ya mtu. Figo lenyewe hawaliweki nyuma kama yale tuliyozaliwa nayo. Wanaliweka mbele, chini ya tumbo, upande. Alinishika mkono akauweka pale juu ya kanga, nikagusa kitu kigumu, kina joto.

"Msalimie mumeo," akaniambia.

Tulicheka mpaka akaniomba niache, maana mshono ulikuwa bado unamuuma.

Sasa dawa. Hapo ndipo mambo yote yalipotokea, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Alipewa dawa za kunywa maisha yake yote, asubuhi na jioni, saa ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Kubwa yao inaitwa siklosporini. Ni vidonge laini, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yake ya kung'aa, na ukikifungua, mwenzangu, harufu inakupiga usoni. Inanuka pombe, inanuka na mnyama wa porini. Watoto wangu walikuwa wanaziba pua wanakimbia nje. Penina anameza, anafuta mdomo, anaendelea na hadithi alipoachia.

Na dawa ile ilikuwa na vijimambo vyake. Ilimfanya fizi zivimbe. Ilimwotesha nywele mashavuni na kidevuni, yeye mwanamke! Kwenye harusi moja binamu yao mmoja alimpokea kwa sauti, "Karibu mzee Penina, wanaume tumekaa upande huu." Binamu ni mtani, huruhusiwi kukasirika. Penina akamjibu palepale, "Za kwangu zimeota kwa dawa. Zako mbona hata kwa chakula zimekataa?" Watu walianguka chini. Yule binamu hakuinua kichwa mpaka pilau ilipokuja.

Lakini lililomuuma kweli ni mikono. Dawa ilimtia mtetemo kwenye vidole. Siku ya kwanza aliporudi darasani akaandika tarehe ubaoni, na herufi zikatoka zinacheza. Hakumwambia mtu. Akanunua chaki zake mwenyewe, akawa kila akitoka shule anasimama mbele ya ukuta wa jiko lake anaandika a, e, i, o, u, anafuta, anaandika tena, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha ule wa kulia. Nilimkuta hivyo nilipompelekea unga. Ukuta mzima mweupe. Aliendelea mpaka mwandiko ukarudi, si ule wa zamani kabisa, lakini mwandiko ambao mkaguzi angeuheshimu. Ukiona mwanamke wa namna hiyo na bado usijivunie kuwa wifi yake, basi wewe una matatizo.

Haya. Mwaka uliofuata mtoto wetu Denis akapata kipaimara. Tukachinja. Penina akaja kutoka mjini, na ilipofika saa yake akatoa vidonge. Harufu ikaenda mpaka walipokaa wazee. Baba mdogo Sila, tonge mkononi, akauliza, "Binti, hizo dawa haziishi? Si ulishapona?"

"Nimepona, baba mdogo. Hizi ni za kuuzuia mwili usilikatae figo."

"Ulikatae figo gani?"

"La kaka. Mwili unaliona ni la mtu mwingine."

Sila akarudisha tonge kwenye sahani. "Mazengo ni mtu mwingine kwako? Mmetoka tumbo moja. Baba mmoja." Kisha akageuza shingo, akamtazama mama Ruthu kule alikokaa na wanawake, akamtazama kwa muda. "Au sivyo?"

Mungu wangu. Mama Ruthu aliendelea kuchambua mlenda wake, hakuinua uso. Mimi nikaanza kuimba pambio kwa nguvu ili watu waitikie, wakaitikia, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Yalifika Chamwino kabla hatujaosha masufuria.

Mnaelewa walichosema watu? Walisema hivi: damu moja haikataani. Kama figo la Mazengo linahitaji dawa kali, tena za maisha, ili mwili wa Penina ulikubali, basi hawa wawili baba yao si mmoja. Mmojawapo mama Ruthu alimpata kwingine. Yaani dawa ya hospitali ikageuzwa ushahidi dhidi ya mwanamke aliyemzika mume wake na kulea watoto wake kwa jembe la mkono. Kisimani wakanyamaza nilipofika. Mama Ruthu akaacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Aliendelea kulima, kuchota maji, kupika, na mgongo wake ukaanza kuinama.

Mazengo aliyapata mnadani. Alikuwa na fahali wa kuuza. Mnunuzi mmoja, mlevi, akamwambia, "Huyo fahali baba yake anajulikana, au naye tumtafutie kama wewe?" Wanaume walimshika Mazengo mikono yote miwili. Alirudi nyumbani na fahali wake, kesho yake akapanda gari kwenda mjini kwa dada yake.

Walichosemezana huko nilikuja kuambiwa na Penina mwenyewe. Mazengo alikaa kwenye kiti kile cha wageni, kofia magotini.

"Penina, hizo dawa ziache kidogo," akamwambia. "Mpaka mavuno tu. Watu waone figo langu limekaa lenyewe, halikulazimishwa. Wafunge midomo yao."

"Kaka, India walitwambia siku zote."

"India hawamjui mama."

Penina akakataa. Namsifu kwa hilo pia: alikataa, tena akamtengenezea kaka yake chai wakati anakataa. Lakini Jumapili iliyofuata akaja kijijini, kengele ya kanisa inalia, akamkuta mama yake ameketi mlangoni na nguo za shamba.

"Mama, huendi ibadani?"

"Mguu unaniuma, mwanangu."

Na ndoo ya maji aliyoibeba mwenyewe kutoka kisimani ilikuwa bado inadondosha. Mtoto yule aliyeshinda kiboko cha Sila hakuweza kushinda hilo. Akarudi mjini, akazifunga dawa zote kwenye kitenge, akazitia sandukuni, akalisukuma chini ya kitanda. Hakuniambia. Angeniambia ningemmezesha kwa mwiko.

Na mnajua ubaya wa jambo lenyewe? Mwanzoni alipendeza! Vidole vikaacha kutetema. Mwandiko ukanyooka ubaoni kama zamani, nywele za mashavuni zikaanza kupungua. Mazengo akatoka kumtembelea, akarudi kijijini na kifua mbele. "Mnaona? Dada yangu hali kidonge hata kimoja. Figo limekubali. Mama yangu ni mama yangu!" Watu wakaanza kurudisha maneno yao, mmoja mmoja. Mama Ruthu akasikia, akamtazama mwanawe, akauliza tu, "Hali kidonge kwa nini?" Mazengo akasema amepona. Na mimi nilikuwa kijiji cha Zuzu kwenye msiba wa shangazi yangu, sikuwepo kuyasikia, la sivyo yasingefika yalikofika.

Niliporudi kutoka msibani nikapitia kwa Penina kumpelekea karanga. Nikabisha hodi, sauti ikanijibu ya mtu anayeongea kutoka chini ya blanketi. Uso umevimba, macho yamekuwa mistari miwili. Mwili unachemka. Nikaweka mkono pale chini ya tumbo, akaruka kwa maumivu.

"Wifi, unakojoa?"

Akatikisa kichwa. "Kidogo sana."

"Dawa ziko wapi?"

Akaonyesha chini ya kitanda. Nikalivuta sanduku, nikakifungua kile kitenge, nikaona vidonge vimejaa vile vile, kila kimoja kwenye karatasi yake. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja wakidhani amekufa. Sikumpiga kwa sababu alikuwa mgonjwa, nadhani na kwa sababu nilikuwa nalia.

Nikamwagizia Mazengo aje, tukampandisha Penina basi la Dar, tumemkalisha katikati. Njia nzima nilisema ya kututosha wote watatu. Nilimwambia Mazengo hata lile figo alilobaki nalo halistahili kukaa kwa mtu asiye na akili.

Daktari aliyetupokea aliitwa Halfani, mtu mfupi, mpole, anaongea huku akikutazama machoni. Akampima Penina, akasoma majibu ya damu, akaagiza sindano zianze palepale. Kisha akatuita pembeni, akauliza nani aliyemwambia aache dawa.

"Mimi," akasema Mazengo. Hakujificha, hilo nalo nampa. "Daktari, naomba uniambie ukweli, hata kama ni mchungu. Mimi na huyu baba yetu ni mmoja?"

Daktari akashangaa. "Nani kakutia mashaka?"

Mazengo akamweleza yote, kipaimara, Sila, mnadani. Daktari akavuta kiti, akakaa.

"Sikiliza, kaka yangu," akasema. "Mama yako angezaa kumi kwa baba mmoja, ndani ya ndoa, wote kumi wangehitaji dawa hizi kupeana figo. Wasiozihitaji ni mapacha wa kufanana tu, wale hata mama yao anawachanganya. Ninyi mmefanana vizuri sana, ndiyo maana India walikukubali. Lakini mtu na ndugu yake si mtu na kivuli chake."

"Basi kwa nini mwili unakataa ndugu?"

"Kwenu mifugo ikiibwa mnafanyaje?"

"Mtu anapiga yowe."

"Halafu?"

"Kila mwanaume anatoka na mkuki."

"Mwilini ni hivyo hivyo," daktari akasema. "Kwenye damu kuna askari, wanaitwa seli T. Kazi yao kuzunguka na kutazama sura. Mmoja akiona sura asiyoizoea, ndani yake linaanza yowe, na likitoka, wenzake wanazaliana maelfu kwa maelfu na wote wanakwenda kupiga. Askari huyu hajui ukoo. Hamjui mama yenu wala baba yenu. Anajua sura tu. Dawa hii haimuui. Inalikata yowe ndani yake kabla halijafika mdomoni, basi wenzake hawasikii, wanabaki majumbani kwao. Ndiyo maana pia tunamwambia achemshe maziwa, akae mbali na mwenye tetekuwanga, kwa sababu hata mwizi wa kweli akija, yowe linachelewa."

Mazengo akacheka kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia.

"Mimi nilishapigiwa yowe nyumbani kwangu mwenyewe," akasema. "Nilikwenda Kondoa kununua ndama, nikakaa huko, nikarudi jioni na koti la watu na kofia ya watu. Jirani yangu aliyecheza nami utotoni akaniona zizini, akapiga yowe. Nusura wanichome mkuki. Wala jirani hakusema mimi si mtoto wa baba yangu. Hakunitambua tu."

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu wengine," daktari akasema.

"Sijamaliza kuelewa. Hapa sasa, yule anayepigwa mikuki humo ndani ni nani?"

"Ni figo lako."

Mazengo akajishika kichwa. "Nimetoka kijijini kwangu kumtetea mama," akasema, "nimekuja kuwaita watu waliue figo langu ndani ya dada yangu."

Akainama kwenye benchi lile, mwanaume mzima wa Kigogo, akalia mbele ya manesi. Nilikuwa na matusi mengine nimeyaweka akiba kwa ajili ya safari ya kurudi. Niliyameza yote, nikakaa karibu naye.

Sindano zilimfikia Penina kwa wakati. Homa ikashuka, uvimbe ukaanza kutoka machoni, na asubuhi nesi alipopita na chombo akatwambia mkojo umerudi, Mazengo alipiga kofi moja wodi nzima ikageuka. Daktari Halfani hakuyatia maneno sukari. Alisema figo limeumia, sehemu nyingine haitarudi, ila lililobaki linamtosha kabisa kuishi na kufundisha. Lakini shambulio jingine la namna hii halitalibakiza. Alimwambia Penina hivyo, na Penina akasema, "Nimesikia." Kisha akaomba vidonge vyake, harufu na ndevu na mtetemo na yote, akameza vya kwanza palepale.

Tuliporudi, tulipitia kwa mama Ruthu ili amwone mwanawe kwa macho. Tukakuta uwanja umejaa. Sila alikuwa amekusanya wazee wa ukoo, mchana kweupe, viti vimepangwa. Tukasalimia, shikamoo huku na huku, marahaba huku na huku, tukakalishwa.

Sila akasafisha koo. "Tumekaa tumelitazama jambo hili," akasema. "Dawa hizi zilimwotesha binti yetu ndevu. Zilimletea mama yao maneno. Akaziacha akapendeza, kila mtu aliona. Kisha zile alizokwisha kunywa zikamrudia, zikamlaza Dar. Ukoo umeamua. Asizinywe tena. Tutamtafutia za kwetu. Na figo likikaa bila dawa, na jina la shemeji yangu litasafishika."

Wazee wakaitikia kwa koo. Ilikuwa imefika saa ya Penina. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba, nikauona umesimama humo humo. Alimtazama mama yake. Nilijua anafikiri nini. Kama mama Ruthu angeinamisha uso mara hii pia, sijui ule mkono ungetoka na nini.

Mama Ruthu aliinuka. "Kumbe uliziacha kwa ajili ya jina langu?" akamuuliza Penina, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Ulikaribia kufa kwa ajili ya jina langu?"

"Mama, watu walikuwa wanasema..."

"Na nani aliyewaambia jina langu linaumwa?" Akamgeukia Sila. "Shemeji, niliolewa nyumba hii mbele yako. Nimewazaa hawa wawili ndani yake, kwa kaka yako. Nilinyamaza siku ile kwa sababu nilikuonea aibu wewe, mtu mzima na tonge lako. Leo sinyamazi. Waseme mpaka meno yang'oke. Mwanangu anakunywa dawa."

Akaingia ndani kuchukua maji. Sila akafungua mdomo, na hapo Mazengo akasimama. Nilidhani atawaeleza ya seli na yowe, maana njia nzima alikuwa anayarudia kama mtoto anayekariri. Hakueleza kitu.

"Baba mdogo, nimewasikia wazee wangu na nawaheshimu," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aziache, na nimeona nilichokifanya. Sasa nasema mbele yenu wote. Anayetaka dada yangu aache dawa, aje hapa mbele aseme kwamba dawa zikiachwa na figo hili likifa, atatoa la kwake. Wewe au mwingine yeyote. Mimi niliyebaki na moja nasubiri."

Tulisubiri naye. Mzee mmoja akatazama viatu vyake, mwingine akaanza kukunja shuka lake kana kwamba ndilo lililomleta. Sila akakivuta kiti chake nyuma. Mama Ruthu akatoka na kikombe, akampa binti yake, na Penina akameza kidonge chake mbele ya ukoo mzima.